Afya: Mawe ya figo yanayorudi kila mara, wakati figo zenyewe zimeshindwa kutoa asidi

Maumivu yanaanza ghafla, mara nyingi usiku. Yanashika ubavuni, chini ya mbavu, kisha yanashuka kuelekea kinena. Mgonjwa hawezi kulala wala kukaa; anazunguka ndani ya nyumba, anatapika, jasho linamtoka. Mkojo unakuja na damu. Iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, jamaa kwanza wanafikiria malaria, kisha tumbo, na kuna wale wanaotaja karuho kabla hata ya kupima chochote. Ekografi ndiyo inaleta jibu: jiwe katika figo.

Kwa wagonjwa wengi, mambo yanaishia hapo. Wanapewa dawa ya maumivu, wanaambiwa wakunywe maji mengi, jiwe linatoka, wanarudi kazini. Lakini wako wale wanaorudi. Miaka miwili inapita, jiwe lingine. Mwaka unaofuata ni mawe katika figo zote mbili. Wengine wanapasuliwa mara ya pili ubavu ule ule, familia inauza mbuzi, kisha kipande cha shamba, na katika safari zote hizo hakuna aliyeuliza sababu gani jiwe linarudi.

Kwa sehemu ndogo ya wagonjwa hao, sababu haiko katika maji wanayokunywa wala katika sahani yao. Iko katika mirija midogo ya figo, ile inayopaswa kutoa asidi ya mwili kupitia mkojo. Kwenye karatasi za hospitali ugonjwa huo unaandikwa kwa Kifaransa acidose tubulaire rénale. Kwa Kiswahili unaweza kuitwa asidosi ya mirija ya figo. Ni ugonjwa wa nadra, na wengi wenye mawe ya figo hawana. Ila ni moja kati ya sababu chache za mawe ambazo zinatulizwa kwa dawa isiyokuwa ya ajabu, na ambazo zikiachwa bila kujulikana zinaharibu figo pole pole, zinalegeza mifupa, na kwa mtoto zinamzuia kukua.

Chokaa chini ya sufuria

Figo mbili za mtu mzima zinachuja karibu lita 180 za maji ya damu kila siku. Kama maji hayo yote yangetoka inje, mtu angekauka kwa muda wa saa chache tu. Yanarudishwa karibu yote na mirija, ambayo ni karibu milioni moja katika kila figo, na kinachobaki, lita moja ao mbili, ndicho mkojo. Mirija ndiyo inaamua: sukari irudi, chumvi hii irudi, ile itoke, takataka ziende.

Asidi ni moja ya takataka hizo. Mwili unaitengeneza kila siku, zaidi kutokana na protini za nyama, samaki na vyakula vingine. Mapafu hayawezi kuitoa asidi ya namna hiyo. Ni kazi ya figo. Mwishoni mwa kila mrija kuna chembe zenye pampu ndogo sana zinazosukuma asidi iingie katika mkojo, huku zikirudisha bikarbonati katika damu ili damu isichachuke. Pampu zikiwa nzima, mkojo unaweza kuwa na uchachu mkali, pH yake ikishuka chini ya 5.3 pale mwili unapokuwa na asidi nyingi. Pampu zikiharibika, mkojo haushuki hapo hata kama damu imelemewa na asidi.

Asidi iliyobaki ndani lazima ipozwe na kitu fulani. Mwili unakwenda kuchota katika mifupa, maana mfupa ni ghala la chumvi za kalsiamu zinazoweza kutuliza asidi. Lakini kila siku ghala hilo linapofunguliwa, kalsiamu na fosfati zinamwagika katika damu na kuishia katika mkojo. Upande mwingine kuna sitrati, ambayo kwa kawaida inashika kalsiamu ndani ya mkojo na kuizuia isigande. Mwili wenye asidi nyingi unainyonya sitrati hiyo irudi ndani, na mkojo unabaki karibu bila mlinzi. Kalsiamu nyingi, sitrati kidogo, mkojo usiochachuka: ndivyo fosfati ya kalsiamu inavyoganda, sawa na ile chokaa nyeupe inayojikusanya chini ya sufuria ya kuchemshia maji.

Hapo kuna alama ambayo mganga anaweza kuishika. Mawe mengi ya figo duniani ni ya oksalati ya kalsiamu. Yale ya asidi ya uriki yanatokea mkojo ukiwa mchachu kupita kiasi, kinyume kabisa cha ugonjwa huu. Jiwe lililo karibu lote fosfati ya kalsiamu, hasa kwa kijana, hasa figo zote mbili zikiwa na mawe, linapaswa kumsimamisha mganga. Kwa bahati mbaya jiwe likishatoka, wengi wanalitupa chooni kwa furaha ya kupumua. Ingefaa mkojo uchujwe kwa kitambaa safi na jiwe lihifadhiwe katika kikopo kikavu, hata kama hospitali ya karibu haina mashine ya kulichambua. Jiwe halioni haraka, linaweza kungojea safari ya kwenda mji mkubwa.

Ekografi nayo inasema jambo. Kwa wagonjwa hao, pamoja na mawe yenyewe, mara nyingi sehemu ya ndani ya figo inang'aa kama imenyunyiziwa unga. Ni chokaa iliyojipenyeza katika nyama ya figo. Mganga wa ekografi anayeandika tu “mawe katika figo mbili” bila kutaja hali hiyo anaacha nusu ya habari kwenye mashine.

Mtoto anayekula lakini hakui

Mambo yanakuwa mazito zaidi kwa watoto. Ugonjwa huu ukiwa wa kurithi, unaweza kujionyesha tangu miezi ya kwanza. Mtoto anatapika, anakosa hamu ya kula, anapata choo kigumu, anakunywa maji sana na kukojoa sana, na mara kwa mara anakauka mwili hata bila kuharisha. Uzito haupandi. Baadaye miguu inaanza kupinda, kama matege, na vitamini D peke yake hainyooshi kitu.

Katika Kivu, Ituri na Tanganyika, mtoto wa namna hiyo anaingia moja kwa moja katika kundi linalojulikana: utapiamlo, ule ambao wazazi wa Kivu ya Kusini wanauita bwaki. Anaandikishwa katika programu ya lishe, anapewa maziwa ya matibabu na paketi za lishe ya karanga, anapimwa mkono kila wiki. Na ni sawa aanzie hapo, maana watoto wengi waliokonda katika majimbo hayo wamekonda sababu ya njaa, vita na magonjwa ya kawaida, si sababu ya mirija ya figo. Shida inakuja pale wiki zinapita na mtoto haongezi hata gramu chache. Hapo lawama inamwangukia mama. Anaambiwa anagawanya paketi kwa watoto wengine, ao ameuza sokoni, ao aliachisha ziwa mapema. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mama anasema kweli na hakuna anayemsikiliza.

Kuna maswali rahisi yanayoweza kutenganisha mambo. Je, ndugu za mtoto huyo wanakula chungu kile kile na wanakua vizuri? Je, mtoto anaamka usiku kuomba maji? Je, kuna mwingine aliyekufa zamani akiwa mdogo kwa namna ile ile? Je, anasikia? Swali hilo la mwisho linaweza kushangaza. Lakini moja ya pampu za asidi zinazoharibika katika figo ipo pia ndani ya sikio, na watoto wengi wenye kasoro ya pampu hiyo wanapoteza uwezo wa kusikia. Mtoto mfupi, mwenye kiu isiyoisha na asiyesikia si mtoto mwenye magonjwa matatu. Inawezekana ana mmoja tu.

Katika aina hiyo, baba na mama wote wawili wanabeba kasoro bila kuumwa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ndiyo maana inaonekana zaidi kwenye familia ambazo watu wa ukoo mmoja wanaoana. Kuna aina nyingine inayopita kwa mzazi mmoja tu. Hiyo inakawia, na mara nyingi mgonjwa anagunduliwa akiwa kijana ao mtu mzima, wakati mawe yameshaanza.

Habari njema ni kwamba mtoto aliyeanzishiwa dawa mapema anaanza kukua tena, na wengi wanafikia urefu wa kawaida. Mifupa inakaza. Masikio, hapana: dawa haiwezi kurudisha usikivu uliopotea. Chokaa iliyo ndani ya figo nayo haiondoki, lakini inaweza kuacha kuongezeka.

Ugonjwa wa zamani, na malaria ndani yake

Waganga hawakuujua ugonjwa huu jana. Mwaka 1935 huko London, Reginald Lightwood aliandika kuhusu watoto wachanga waliokuwa na chokaa katika figo. Mwaka uliofuata, Allan Butler na wenzake wa Boston walieleza watoto waliokuwa na hali hiyo pamoja na asidi nyingi katika damu. Katika miaka ya 1940 Fuller Albright, naye wa Boston, aliunganisha asidi hiyo na mifupa laini na mawe ya watu wazima. Mwaka 1959 Waingereza Oliver Wrong na H. E. F. Davies walitoa kipimo ambacho kingali kinatajwa vitabuni: mgonjwa anameza chumvi yenye kuongeza asidi, kisha mkojo wake unapimwa saa baada ya saa kuona kama figo zinaweza kuufanya uwe mchachu.

Kisha mwaka 1990 waganga wa Thailand wakaeleza kwamba kaskazini-mashariki ya inchi yao, eneo la wakulima maskini, ugonjwa huu unapatikana kwa wingi. Wagonjwa, wengi wao wanawake, walifika hospitalini wakiwa na mawe ya figo, na wengine walikuwa wamelegea miguu ghafla. Kulegea huko kunatokana na potasiamu: figo zenye kasoro hii zinaipoteza katika mkojo, na ikishuka sana katika damu misuli inakataa kazi. Mtu analala mzima, asubuhi hawezi kuinua miguu. Akipewa potasiamu kwa uangalifu, anatembea tena. Katika Congo, ambako mlegeo wa ghafla wa mtoto unatangazwa haraka kwa timu za polio, na ni lazima utangazwe, kipimo cha potasiamu kinastahili kufanywa siku hiyo hiyo.

Kuna kisa katika Asia ya Kusini-Mashariki ambacho msomaji wa Congo anaweza kukielewa mbio kuliko wa Ulaya. Protini moja inayorudisha bikarbonati katika figo ndiyo hiyo hiyo inayopatikana kwenye ngozi ya chembe nyekundu za damu. Katika nchi za huko na Papua New Guinea kuna mabadiliko ya protini hiyo yanayofanya chembe nyekundu ziwe na umbo la yai, na watoto wenye nayo wanalindwa dhidi ya malaria kali ya ubongo. Anayerithi mabadiliko hayo kutoka mzazi mmoja, na kasoro nyingine ya protini hiyo kutoka kwa mzazi wa pili, anaweza kupata ugonjwa wa asidi. Ni hesabu ile ile ya AS na SS: malaria inaacha kasoro iishi katika watu kwa sababu nusu yake inalinda. Na wagonjwa wa SS wenyewe, ambao Congo ina wengi, figo zao mara nyingi zinashindwa kukaza mkojo, na kwa baadhi zinashindwa pia kutoa asidi sawasawa.

Gundi, ibuprofeni na sababu zingine

Si wote wanaozaliwa nao. Watu wazima wengi wanaupata kutokana na ugonjwa mwingine, kwanza ule wa Sjögren, ambao kinga ya mwili inashambulia tezi za mate na machozi. Mwanamke mwenye kinywa kikavu, macho yanayowasha kama yana mchanga, na mawe ya figo, anaweza kuwa na ugonjwa mmoja tu. Lupus pia inaweza kufanya hivyo. Figo iliyozibwa kwa muda mrefu, kwa mfano na bilarzia ya mkojo iliyoharibu njia, inaweza kupoteza nguvu ya kutoa asidi hata baada ya njia kufunguliwa.

Kisha kuna vitu ambavyo mtu anameza ao kuvuta. Gundi inayovutwa na watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo, mara nyingi ina toluini. Toluini inavuruga asidi na kushusha potasiamu, mpaka miguu inalegea. Mtoto aliyekutwa ameanguka kando ya soko na watu wakasema “amelewa gundi” anaweza kuwa na potasiamu iliyo chini kiasi cha kusimamisha moyo. Kumwacha alale mpaka apate nafuu si matibabu.

Ibuprofeni, inayouzwa kila kona bila karatasi ya mganga, nayo imo. Mwaka 2022 shirika la dawa la Ulaya lilionya kuhusu vidonge vinavyochanganya ibuprofeni na kodeini: watu waliovitumia kwa muda mrefu na kwa wingi waliumia figo, potasiamu ikashuka, wengine walikufa. Ibuprofeni ya siku mbili kwa jino si habari. Ile ya kila siku kwa miezi, kwa mchukuzi wa mizigo ao mchimbaji mwenye mgongo unaouma, ni habari nyingine. Topiramati, dawa ya kifafa na ya kichwa kikali, inajulikana kuleta mawe ya fosfati kwa njia hii hii ya asidi na sitrati. Tenofoviri, iliyo ndani ya dawa za virusi vya ukimwi, inaweza mara chache kuharibu sehemu nyingine ya mrija, ile ya mwanzo. Anayezitumia dawa hizo mbili asiziache mwenyewe. Anayeziandika ndiye anapaswa kupima figo.

Kijikaratasi cha mkojo

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Kijikaratasi cha kuchovya katika mkojo, kile kinachotumiwa kwa wanawake wenye mimba kutafuta protini, mara nyingi kina pia mraba wa pH. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa, maana kwa mtu mzima wa afya huo ndio wenye uchachu zaidi, na upimwe ukiwa mpya. Mkojo uliokaa juani unabadilika. pH ikishuka mpaka 5, ugonjwa huu karibu unafutwa. Ikibaki 6 ao zaidi asubuhi baada ya asubuhi, haijathibitishwa kitu bado, kwa sababu kuna wadudu wa mkojo ambao nao wanaondoa uchachu na kujenga mawe yao makubwa. Kwanza mkojo utafutwe maambukizo. Kisha damu ipimwe: bikarbonati, potasiamu, kloridi. Kipimo hicho, ambacho hospitali zinaita ionogramu, hakipatikani kila kituo cha afya, ila kinagharimu kidogo kuliko kupasuliwa mara ya tatu.

Damu yenye bikarbonati ya chini, kloridi ya juu, potasiamu ya chini, na mkojo usiochachuka: picha imekamilika. Kuna pia wenye nusu ya ugonjwa, ambao damu yao iko sawa lakini mkojo unakataa kuchachuka. Wanatengeneza mawe vile vile na wanahitaji vipimo vya hospitali kubwa.

Dawa ni ya kupunguza asidi: sitrati ya potasiamu inapopatikana, ao bikarbonati ya sodiamu. Inagawanywa mara tatu ao nne kwa siku, maana asidi haipumziki, na kwa aina ya kurithi inaendelea maisha yote. Mtoto anahitaji nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko mtu mzima. Sitrati ya potasiamu inafanya kazi tatu pamoja, inatuliza asidi, inajaza potasiamu na kurudisha mlinzi katika mkojo. Bikarbonati inatuliza asidi vizuri, lakini sodiamu yake inaweza kusukuma kalsiamu zaidi katika mkojo.

Kusikia neno bikarbonati, mtu anaweza kukimbilia ile ya jikoni inayolainisha maharagwe. Hapo ni hatari ya kweli. Mwenye potasiamu ya chini akipewa bikarbonati peke yake, potasiamu inashuka zaidi, na mlegeo ao moyo kusimama vinaweza kufuata. Waganga wanainua potasiamu kwanza. Na mwenye figo zilizochoka tayari, kwake potasiamu ya ziada ndiyo sumu. Ndimu nayo haiwezi kuchukua nafasi ya dawa, hata ikikamuliwa kila asubuhi. Sitrati yake nyingi iko katika hali ya asidi, na haipunguzi asidi ya damu.

Maji mengi yanasaidia, chumvi kidogo inasaidia. Ndagala na sambaza zisikatwe kwa kuogopa kalsiamu: mifupa ya mgonjwa huyo ndiyo inayoibiwa kila siku, na kumnyima kalsiamu ni kumwibia mara ya pili.

Kinachobaki kigumu ni kuendelea. Dawa ya mara nne kwa siku inahitaji farmasia isiyofungwa na barabara inayopitika, na katika mashariki ya Congo familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja. Siku chache bila dawa zinatosha asidi irudi na potasiamu ianze kushuka. Ndiyo maana familia yenye mgonjwa wa namna hiyo inahitaji kuwa na karatasi moja iliyoandikwa na mganga: jina la ugonjwa kwa Kifaransa, dawa na kipimo chake, potasiamu ya mwisho na tarehe yake. Inakunjwa na kuwekwa katika mfuko mmoja na kadi ya chanjo, ule mfuko unaoshikwa wa kwanza watu wanapotoka mbio.